Kufuta Historia ya Amri na Orodha ya Faili za Karibuni kwenye Linux

Tazama amri hii, ambayo kila anayejifunza hifadhidata huiandika mapema:

    mysql -u root -pSiriYangu24 duka

Hifadhidata inafunguka na kazi inaendelea. Lakini mstari huo mzima, pamoja na nywila iliyomo, umebaki. Terminali ikifungwa, unaandikwa kwenye faili iitwayo `.bash_history` ndani ya folda yako ya nyumbani, kwa maandishi ya kawaida ambayo yeyote akiifungua anayasoma. Atakayekaa mbele ya kompyuta yako ikiwa wazi ataupata kwa kubonyeza mshale wa juu mara chache. Programu yoyote unayoiendesha kwa jina lako, hata ile uliyoipakua bila kujua ilikotoka, inaweza kuisoma faili hiyo. Na kama una kawaida ya kunakili folda yako yote kwenye diski ya nje, nywila imesafiri pamoja nayo.

Upande wa madirisha na vitufe nako kuna orodha nyingine: jina la kila waraka uliofungua, saa uliyoufungua na programu uliyotumia. Kwenye kompyuta ya maabara ya chuo au ya ofisi inayotumiwa na watu kumi, orodha hiyo inaeleza mambo yako kwa mtu atakayekuja baada yako.

Hata hivyo, sishauri kufuta kila kitu kwa mazoea. Historia ya amri ni daftari la kazi. Ile amri ndefu iliyokutoa jasho kurekebisha mtandao utaihitaji tena mwezi ujao, na hakuna atakayekukumbusha ilivyoandikwa. Kinachostahili kuondolewa ni siri, na mambo ya binafsi uliyoyaacha kwenye mashine ya watu wengi.

Historia inakaa mahali pawili

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tuanzie hapa. Linux nyingi, zikiwemo Ubuntu, Debian na Fedora, hutumia Bash kusoma amri unazoandika. Bash inaweka historia yako mahali pawili: kwenye kumbukumbu ya muda ya terminali iliyo wazi, na kwenye faili ya `.bash_history` iliyo kwenye diski. Unapofungua terminali, faili inasomwa na kuingizwa kwenye kumbukumbu ya muda. Unapoifunga, amri mpya zinashuka kutoka kwenye kumbukumbu hiyo kwenda kwenye faili.

Maana yake ni kwamba ukiifuta faili peke yake, terminali iliyo wazi itaiandika upya utakapoifunga. Ukifuta kumbukumbu ya muda peke yake, faili inabaki na amri za zamani. Na kila terminali ina kumbukumbu yake: ukiwa na madirisha matatu, una historia tatu zinazosubiri kuandikwa.

Kama hujagusa mipangilio, Bash hukumbuka mistari 500. Ubuntu na Debian huongeza kiasi hicho: 1000 kwenye kumbukumbu ya muda na 2000 kwenye faili. Kumbuka tofauti hiyo, maana amri ya `history` inaonyesha ile 1000 ya mwisho tu, na siri ya zamani inaweza kuwa imelala juu zaidi ndani ya faili.

> KWANZA KABISA: BADILISHA NYWILA
> Nywila au tokeni iliyokwisha kuingia kwenye historia ihesabu kuwa imevuja. Kufuta mstari hakurudishi nakala iliyokwisha kusomwa au kuhifadhiwa kwingine. Badilisha nywila, batilisha tokeni, ndipo urudi kusafisha. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu, fanya hili na uiache historia kama ilivyo.

Kuondoa mstari mmoja

Njia hii ndiyo utakayoihitaji mara nyingi.

1. Funga terminali nyingine zote, kisha fungua moja mpya. Mashine ambazo Bash haikuwekwa iongeze tu mwishoni mwa faili huandika faili nzima upya wakati wa kufunga, na dirisha ulilolisahau linaweza kuurudisha mstari uliokwisha kuuondoa.

2. Tafuta mstari kwa jina la programu:

        history | grep mysql

   Usitafute kwa kuiandika nywila yenyewe. Amri ya kutafuta nayo inaingia kwenye historia, na sasa utakuwa na siri hiyo mara mbili.

3. Soma namba iliyo mwanzoni mwa mstari, kisha uufute. Kama ni 412:

        history -d 412

4. Kama ni mistari kadhaa, anza na namba kubwa ukishuka kwenda ndogo. Ukifuta wa juu kwanza, namba za iliyo chini yake zinasogea, na utajikuta umefuta usichokusudia. Bash 5.0 na matoleo yaliyofuata yanakubali pia kufuta mfululizo kwa pamoja: `history -d 412-418`.

5. Andika mabadiliko kwenye faili:

        history -w

6. Hakikisha kwenye faili yenyewe:

        grep -n mysql ~/.bash_history

Hatua ya tano ina jambo la kuangalia. `history -w` inaifuta faili iliyopo na kuweka orodha iliyo kwenye kumbukumbu ya muda. Kama faili yako ina mistari 2000 na kumbukumbu ina 1000, ile ya zamani itapotea. Ikiwa unaithamini, acha `history -w`. Fungua faili kwa `nano ~/.bash_history`, futa mstari kwa mkono, hifadhi, kisha ondoka kwa `unset HISTFILE` ikifuatiwa na `exit` ili terminali hiyo isiandike chochote juu yake.

Kuondoa yote

Kwenye Bash, ukishafunga terminali nyingine:

    history -c
    history -w

Ya kwanza inamwaga kumbukumbu ya muda. Ya pili inaandika utupu huo kwenye faili. Fungua terminali mpya, andika `history`, na uone orodha fupi isiyo na ya zamani.

Mtumiaji mkuu, yaani root, ana historia yake mwenyewe kwenye `/root/.bash_history`. Wengi hujaribu `sudo history -c` na kujibiwa kwamba amri haipo. Ni kweli haipo kama programu inayojitegemea. `history` ni sehemu ya ndani ya Bash, na sudo huanzisha programu tu. Ingia kwa `sudo -i`, fanya hatua zile zile, kisha toka.

Kama unatumia Zsh badala ya Bash, mambo yanabadilika. Kali Linux ilihamia Zsh kuanzia toleo la 2020.4, kwa hiyo wanafunzi wengi wa usalama wa mtandao wako huko, na `history -c` waliyoisoma kwenye miongozo ya Bash inawakataa. Fanya hivi:

1. `echo $HISTFILE` ili kuona faili iko wapi. Mara nyingi ni `~/.zsh_history`.
2. `unset HISTFILE` ili terminali hii isiandike chochote itakapofungwa.
3. `rm -f ~/.zsh_history`, au jina lililotokea kwenye hatua ya kwanza.
4. `exit`.

Fish, programu nyingine ya kusoma amri, ndiyo rahisi kuliko zote: `history clear` inafuta yote baada ya kukuuliza, na `history delete` ikifuatwa na neno inakuonyesha mistari inayolingana ili uchague.

Programu nyingine zenye daftari zao

Unaweza kusafisha Bash vizuri na bado nywila ikabaki jirani. Orodhesha:

    ls -A ~ | grep -Ei 'hist|hst|viminfo'

Utakayoyakuta yanategemea kazi zako. Haya ndiyo ya kawaida:

- `.mysql_history` na `.psql_history`: maswali yote uliyoiuliza hifadhidata, yakiwa na majina na namba za simu za wateja ulizokuwa ukizitafuta. MySQL huruka mistari yenye maneno IDENTIFIED na PASSWORD, lakini data za watu haiziruki.
- `.python_history`: mistari uliyoiandika kwenye Python moja kwa moja, pamoja na funguo za huduma ulizokuwa ukizijaribu.
- `.sqlite_history`: kama hizo za juu, kwa SQLite.
- `.lesshst`: maneno uliyoyatafuta ndani ya faili kwa `less`.
- `.viminfo`: majina ya faili ulizofungua kwa Vim, maneno uliyoyatafuta, na hata vipande vya maandishi uliyonakili.

Hizi futa kwa `rm` ukishafunga programu husika. Hazibebi mipangilio yako, kwa hiyo hakuna kitakachoharibika.

Faili za karibuni

Kwenye GNOME, moja ya mazingira ya madirisha na vitufe, na kwenye mengine mengi yanayofanana nayo, orodha iko hapa:

    ~/.local/share/recently-used.xbel

Ifungue uione. Kila waraka una njia yake kamili, tarehe na jina la programu iliyoufungua. Hata waraka uliokwisha kuufuta jina lake liko hapo, na hata ule uliokuwa kwenye flashi ya rafiki yako, pamoja na jina la flashi hiyo. Jina la faili peke yake linaweza kutosha kusema mengi: fikiria `barua_ya_kuacha_kazi.odt` kwenye kompyuta ya ofisi.

1. Funga programu zote zilizo wazi, la sivyo zinaweza kuandika orodha upya.
2. Fungua «Settings», kisha «Privacy» (matoleo mapya yanaandika «Privacy & Security»), kisha «File History & Trash». Futa historia hapo, na uzime kabisa ukitaka.
3. Ukipendelea terminali:

        rm -f ~/.local/share/recently-used.xbel
        gsettings set org.gnome.desktop.privacy remember-recent-files false

4. Kama orodha inakusaidia lakini hutaki ikae muda mrefu, usiizime. Iwekee siku saba:

        gsettings set org.gnome.desktop.privacy recent-files-max-age 7

Wa KDE Plasma wanaweza kukuta viungo vya nyaraka kwenye `~/.local/share/RecentDocuments`, kilichobaki kiko kwenye mipangilio ya mfumo. LibreOffice nayo ina orodha yake: fungua «File», kisha «Recent Documents», kisha «Clear List».

Kufuta orodha hakufuti nyaraka zenyewe. Nyaraka ziko pale pale zilipo.

Vijipicha, ambavyo watu huvisahau

Hili naliona zito kuliko orodha ya majina. Ukifungua folda yenye picha, mfumo hutengeneza kijipicha cha kila moja ili folda ionekane haraka wakati mwingine. Vijipicha hivyo vinahifadhiwa kwenye `~/.cache/thumbnails`, vya kawaida vikiwa na ukubwa wa hadi pikseli 128 kila upande na vikubwa hadi 256, na vipo vinavyofika 512 na zaidi. Picha ya kitambulisho chako cha taifa (NIDA) uliyoifungua kutoka kwenye flashi ili kuichapisha kwenye stationery inaweza kuacha kijipicha ndani ya kompyuta ile. Umeondoka na flashi yako mfukoni, na sura yako imebaki. Kwa ukubwa wa 512, hata maandishi makubwa yanasomeka.

    rm -rf ~/.cache/thumbnails/*

Mfumo utavitengeneza vingine utakapovihitaji. Andika njia hiyo kwa uangalifu, bila nafasi kabla ya nyota: `rm -rf` haiulizi mara mbili, na nafasi moja ya ziada inaweza kufuta vilivyomo kwenye folda uliyosimama ndani yake.

Pipa la taka nalo ni `~/.local/share/Trash`. Kwa flashi, Linux huweka vilivyofutwa kwenye folda iliyofichwa ndani ya flashi yenyewe, mara nyingi `.Trash-1000`. Ndiyo sababu flashi inasema imejaa ilhali huoni kitu ndani yake, na ndiyo sababu anayeiazima anaweza kuyaona uliyodhani umeyafuta. Mwaga pipa kabla hujaichomoa.

> KABLA HUJAINUKA KWENYE KOMPYUTA YA PAMOJA
> ☐ Nimetoka kwenye akaunti zangu zote za kivinjari
> ☐ Nimefunga programu zote
> ☐ `recently-used.xbel` imefutwa
> ☐ Vijipicha vimefutwa
> ☐ Pipa limemwagwa, la kompyuta na la flashi
> ☐ Historia ya amri imefutwa, kumbukumbu ya muda na faili
> ☐ Nimetoka kwenye kikao cha kompyuta, sikufunga skrini tu

Siri isiingie tangu mwanzo

Kufuta ni kazi ya kuchosha. Ni bora kutoandika.

Kwanza, acha programu ikuulize nywila. `mysql -u root -p duka`, bila kitu kinachogusana na `-p`, itakuuliza, na utakachojibu hakiingii kwenye historia. Zaidi ya hapo, nywila iliyoandikwa ndani ya amri inaweza kuonekana na watumiaji wengine wa mashine kwa `ps aux` wakati programu inaendelea, jambo ambalo ufutaji wa historia hauligusi kamwe.

Pili, tumia nafasi mwanzoni mwa amri. Angalia kama `~/.bashrc` yako ina mstari huu, na kama hauna uongeze:

    HISTCONTROL=ignoreboth

Ubuntu na Debian huja nao tayari. Kuanzia hapo, amri yoyote uliyoianza kwa kubonyeza nafasi moja haihifadhiwi. Usiamini kabla ya kujaribu: andika nafasi, kisha `echo jaribio`, kisha tazama `history | tail -3`. Kwenye Zsh mstari wa kuongeza ni `setopt HIST_IGNORE_SPACE`, ndani ya `~/.zshrc`.

Tatu, ukijua kikao kizima ni cha mambo nyeti, anza na `unset HISTFILE`. Utaweza kutumia mshale wa juu kama kawaida, lakini ukifunga terminali hakuna kitakachoandikwa. Fish ina `fish --private` kwa kazi hiyo.

Nne, nywila unayoitumia kila siku iweke kwenye faili iliyotengwa kwa ajili yake: `~/.my.cnf` kwa MySQL, `~/.pgpass` kwa PostgreSQL. Zifungie kwa `chmod 600` ili wewe tu uzisome. PostgreSQL hukataa kuitumia faili hiyo ikiwa wazi kwa wengine. Kwa kuingia kwenye seva za mbali, tumia funguo za SSH badala ya nywila.

Yasiyo yako kufuta

Amri ulizoanzisha kwa sudo zimeandikwa pia kwenye rekodi za mfumo: `/var/log/auth.log` kwenye Ubuntu na matoleo ya zamani ya Debian, `/var/log/secure` kwenye familia ya Red Hat, na kwenye journal, yaani daftari la pamoja la rekodi za mfumo. Ukiandika nywila ndani ya amri ya sudo, iko huko pia.

Kwenye kompyuta yako binafsi unaweza kupunguza journal ibaki na wiki moja kwa `sudo journalctl --vacuum-time=7d`. Kwenye seva ya mwajiri, ya chuo au ya mteja, usiguse rekodi hizo, hata kama una uwezo wa root. Ni mali ya mwenye seva, ndizo zitakazotumika siku ya kuchunguza uvamizi, na anayezifuta anaonekana kama mvamizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta zote zinahesabu kuharibu data bila idhini kuwa kosa. Badilisha nywila, mwambie msimamizi wa mfumo kilichotokea, naye aamue. Hata historia ya amri kwenye seva ya kazini, uliza utaratibu wa ofisi kabla ya kuisafisha.

Ukitaka kuuza au kugawa laptopu

Hapa hatua zote za juu hazitoshi. `rm` inaondoa jina la faili. Maandishi yake yanabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Amri ya `shred` huandika juu ya faili, na kwenye diski ya zamani inayozunguka mara nyingi inafanya kazi nzuri. Kwenye SSD haitegemewi kwa faili moja moja, kwa sababu diski hizo huandika data mpya mahali pengine na kuiacha ya zamani bila kuguswa kwa muda.

1. Nakili unachokihitaji kwenye diski ya nje, ukafungue faili chache huko uhakikishe zinafunguka.
2. Washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi.
3. Andika `lsblk` utambue diski kwa ukubwa wake. Isome mara mbili. Diski ya nje uliyonakilia inaweza kuwa bado imechomekwa. Ichomoe.
4. Kwa diski inayozunguka: `sudo shred -v -n 1 /dev/sdX`, ukiweka herufi sahihi badala ya X. Kwa saizi ya 500GB, inaweza kula saa nzima au zaidi.
5. Kwa SSD ya NVMe: `sudo nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1`. Hii inaiamuru diski yenyewe ifute data zote, na mara nyingi inachukua muda mfupi.

Na kwenye laptopu utakayonunua badala yake, kisakinishi cha Ubuntu au Fedora kitakapofika ukurasa wa diski, chagua kusimba diski nzima, kwa LUKS. Iandike nywila hiyo kwenye karatasi na uifungie mahali salama nyumbani: ukiisahau, hakuna fundi atakayekurudishia data.